UZI: Bz, By na umbo la aurora. Jinsi ya kuusoma uga wa sumaku wa upepo wa jua

Dira_ya_Kusi

Wakuu, salaam. Kila jua linapolipuka magrupu hujaa ujumbe wa "leo aurora mpaka kusini" (aurora ni ile mianga ya angani ya karibu na ncha za dunia), na ndugu zetu walioko miji ya kaskazini kama Tromsø, Kiruna, Edmonton au Fairbanks wanakesha kwenye baridi wasione kitu. Wiki mbili baadaye hakuna aliyetangaza lolote, na anga linawaka kijani kutoka upande huu hadi ule. Sababu ipo na inasomeka kwenye grafu, ndiyo maana nimefungua uzi.

Ukubwa wa mlipuko peke yake hautoshi. Kasi ya upepo nayo haitoshi. Kinachofungua mlango ni upande ambao uga wa sumaku uliobebwa na upepo wa jua umeelekea, na umekaa hivyo kwa muda gani.

Upepo wa jua ni plasma, yaani elektroni na protoni zilizoachana, inayotoka kwenye korona, yaani anga la nje la jua, bila kukoma. Kwa kawaida hutufikia kwa kasi ya kilomita 300 hadi 500 kwa sekunde. Ukitoka kwenye tundu la korona, yaani sehemu ambayo uga wa jua umefunguka, hufika 700 au 800. Ni mwembamba mno: kama chembe 5 tu katika kila sentimita moja ya ujazo. Uga wake ukifika huku kwetu umebaki takriban nanotesla 5 (kipimo cha nguvu ya sumaku), wakati uga wa dunia kwenye maeneo ya ncha ni kama nanotesla 60,000 ukipima ardhini. Kwa nguvu hauwezi kushindana na dunia. Unachoweza ni kujiunga nayo.

Jua linajizungusha huku upepo ukitoka moja kwa moja, kwa hiyo mistari ya uga hujipinda kama maji ya mpira wa bustani unaozungushwa. Eugene Parker alilieleza hili mwaka 1958. Hapa tulipo, mistari hiyo huja kwa pembe ya karibu digrii 45 kutoka mstari wa jua na dunia. Kama hali ingebaki hivyo tu, uga ungelala bapa na sehemu yake ya juu-chini ingekuwa karibu sifuri. Haibaki. Mawimbi ndani ya upepo, upepo wa kasi kuukumba wa polepole ulioko mbele, na mitapiko ya korona (mawingu ya plasma yanayorushwa na jua), vyote huuinua na kuuzamisha. Sehemu hiyo ya juu-chini ndiyo Bz; ile ya kushoto-kulia ni By. Ikiwa chanya inaelekea kaskazini, ikiwa hasi inaelekea kusini.

Sasa, upande wa mchana mpaka wa ngao yetu ya sumaku uko kama nusu-kipenyo 10 za dunia kutoka hapa, karibu kilomita 64,000, na uga wa dunia pale unaelekea kaskazini. Bz ya kusini ikigusa pale, mistari yenye mielekeo kinyume hukatika na kuungana upya, ncha moja ikiwa kwenye dunia na nyingine ikiwa nje kwenye upepo. James Dungey ndiye aliyelipendekeza jambo hilo, mwaka 1961. Kuanzia hapo upepo una kamba mkononi.

FundiMawimbi

Umefungua vizuri, mkuu. Niongezee hapo kwenye "kamba", maana wengi wanapotea papo hapo.

Picha iliyozoeleka ni ya chembe za jua zikiteleza kwenye mistari ya sumaku moja kwa moja mpaka ncha, zinagonga hewa, aurora inawaka. Hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, kwenye mapengo mawili ya upande wa mchana. Aurora kubwa ya usiku haiji kwa njia hiyo. Mistari iliyofunguliwa huburutwa na upepo juu ya ncha na kurundikwa nyuma ya dunia, kwenye mkia. Mkia unajaa, unabanwa, unanyooshwa. Kisha mistari ya upande wa kaskazini wa mkia na ya upande wa kusini hukutana katikati na kuungana tena, mara nyingi umbali wa nusu-kipenyo 20 hadi 30 za dunia. Kipande cha upande wetu hufyatuka kuja duniani, nishati inaachiliwa, na elektroni zinasukumwa chini.

Hata hapo hazijapata nguvu yote. Kilomita elfu kadhaa juu ya ncha kuna sehemu zenye tofauti ya volti elfu kadhaa kufuata mistari ya sumaku, na hapo ndipo elektroni huongezewa kasi kwa mara ya mwisho. Mawimbi ya Alfvén, yaani mitetemo ya mistari ya sumaku, nayo huzisukuma. Zikiingia angani zinakuwa na nishati ya elektronivolti 1,000 hadi 10,000 hivi, na husimama kati ya kilomita 100 na 250 kutoka ardhini.

Jambo la kushika: eneo lenye mistari iliyo wazi ndiyo kofia ya ncha, na aurora huwaka kwenye ukingo wa kofia hiyo. Bz ikikaa kusini, mistari inafunguliwa mbele kwa haraka kuliko inavyofungwa nyuma, kofia inapanuka, na pete nzima ya aurora inasogea kuelekea ikweta. Bz ikirudi kaskazini, kofia inasinyaa na pete inapanda. Ukubwa wa pete ni hesabu ya mapato na matumizi ya mistari iliyo wazi.

Nyota_ya_Pwani

Kwa hiyo nikiona Bz imegeuka hasi saa hii, nitoke nje baada ya dakika ngapi? Na hasi kiasi gani? Tuwekee namba, mkuu, za kutumia.

Dira_ya_Kusi

@Nyota_ya_Pwani tufuate hatua.

Vipimo vinatoka kwenye setilaiti zinazozunguka nukta ya L1, kilomita milioni 1.5 mbele yetu kuelekea jua. ACE ilirushwa mwaka 1997, DSCOVR mwaka 2015. Gawa umbali kwa kasi. Upepo ukiwa kilomita 400 kwa sekunde, unachokiona kwenye grafu kitafika baada ya dakika 62 hivi. Ukiwa 800, dakika 31. Halafu weka juu yake muda wa mkia kujaa, ambao kwa kawaida ni dakika 30 hadi 60. Kwa hiyo Bz ikigeuka kusini kwenye grafu na upepo ni wa kawaida, una saa moja na nusu hadi saa mbili kabla ya mfyatuko wa kwanza. Usitoke mbio ukarudi ndani baada ya dakika kumi na kusema tumedanganywa.

Kwa kiasi, chukua kasi (kilomita kwa sekunde), zidisha kwa ukubwa wa Bz ya kusini (nanotesla), gawa kwa 1,000. Unapata uga wa umeme kwa milivolti kwa mita. Kasi 400 na Bz ya −5 inatoa 2: hiyo ni aurora nzuri ya kawaida kwa mtu wa Tromsø. Kasi 650 na Bz ya −12 inatoa 7.8, na ikidumu, watu wa Scotland na wa Minnesota waanze kutafuta makoti. Kanuni ya zamani inayotumika hadi leo ni ya Gonzalez na Tsurutani, 1987: Bz chini ya −10 kwa zaidi ya saa tatu mfululizo, tarajia dhoruba kali. Maneno "saa tatu mfululizo" ni muhimu kuliko hiyo −10. Bz ya −20 kwa dakika nane haifanyi kitu cha maana.

Mizani_77

Mkuu, kuzidisha kasi kwa Bz ni sawa kwa mwanzo, ila kunaiacha By nje kabisa na kunasema Bz ikiwa sifuri hakuna kinachoingia. Si kweli. Patrick Newell na wenzake mwaka 2007 walijaribu fomula nyingi, na iliyolingana vizuri na vipimo vya aurora ni hii: kasi kipeo cha 4/3, mara uga wa pembeni (By na Bz pamoja) kipeo cha 2/3, mara sine ya nusu ya pembe ya saa, kipeo cha 8/3.

Pembe ya saa ni mkono wa uga ukiutazama kama uso wa saa ya ukutani: digrii 0 ni kaskazini kabisa, 180 ni kusini kabisa. Shikilia kasi na ukubwa wa uga vilevile, ugeuze mkono tu. Kwenye 180 kinachoingia tukiite 100. Kwenye 90, yaani Bz ni sifuri na uga wote ni By, kinachoingia ni karibu 40. Kwenye 45, ni karibu 8. Kwenye sifuri, hakuna. Ndiyo maana usiku wenye By kubwa na Bz inayochezacheza kwenye sifuri bado unaweza kuwa na aurora ya kutosha, na anayeangalia rangi nyekundu na kijani za Bz kwenye programu ya simu hataelewa imetoka wapi.

Nanga_Ughaibuni

Hizi programu za simu zinaonyesha Kp tu kwa herufi kubwa. Kp ina kazi gani basi?

FundiMawimbi

Kp ni wastani wa saa tatu kutoka vituo mbalimbali vya dunia, kutoka 0 hadi 9. Inafaa kujua pete imeteremka mpaka wapi kwa jumla: ukingo wa kusini wa pete huwa karibu latitudo ya kisumaku ya digrii 66 kwa Kp 0, 60 kwa Kp 3, 56 kwa Kp 5, na 48 kwa Kp 9. Haifai kukuambia utoke saa ngapi, kwa sababu mfyatuko mmoja unaweza kuanza na kwisha ndani ya dakika 40, na Kp ikaumeza wote.

Na angalia nimesema latitudo ya kisumaku. Edmonton iko digrii 53.5 kaskazini, Moscow digrii 55.8, lakini Edmonton ndiyo inayoona aurora mara nyingi zaidi. Ncha ya kisumaku imeinamia upande wa Amerika Kaskazini, hivyo kisumaku Edmonton iko karibu digrii 60 na Moscow chini ya 53.

Badala ya Kp, fungua grafu ya kipimasumaku cha kituo kilicho karibu nawe. Sehemu ya uga inayoelekea kaskazini ikianguka ghafla kwa nanotesla 300 au 500 ndani ya dakika chache, mkondo wa umeme umepita juu ya kituo hicho na aurora imefunguka. Kwenye dhoruba huanguka zaidi ya 1,000.

Dira_ya_Kusi

Hapo nataka tusogee karibu zaidi, maana mfyatuko una sura yake na ukiijua hupotezi usiku. Syun-Ichi Akasofu aliupanga kwa hatua mwaka 1964 na mpangilio wake haujabadilika sana.

Bz imekaa kusini nusu saa. Upande wa kaskazini wa anga kuna utepe mmoja wa kijani uliopauka, umelala mashariki hadi magharibi, haucheki wala haununi. Unashuka kusini polepole. Utaujua kwa kuulinganisha na nyota. Mkia unajaa. Wengi huchoka dakika hizi wakarudi ndani. Kisha utepe huo (zikiwa kadhaa, ule wa kusini kuliko zote) unaanza kung'aa ukingo wake wa chini, na ndani yake zinajitokeza nundu za mwanga zilizopangana kwa nafasi sawa, kama shanga kwenye uzi. Ukiziona shanga, usiangalie tena simu. Ndani ya dakika mbili tatu utepe unapasuka, unajikunja, unapanda kuelekea ncha na kukimbilia magharibi, na ukingo wake wa chini unaweza kuwa wa waridi kwa sababu elektroni zimeshuka hadi karibu kilomita 100 au chini yake na kuipiga naitrojeni. Baadaye, kuelekea alfajiri, hubaki mabaka yanayowaka na kuzima kila baada ya sekunde kadhaa. Setilaiti tano za THEMIS zilirushwa mwaka 2007 mahsusi kujua kama mfyatuko unaanzia mbali mkiani au karibu na dunia.

Nyota_ya_Pwani

Na nyekundu ya juu kabisa, inatoka wapi? Picha za Mei 2024 zilikuwa nyekundu tupu.

Mizani_77

Kijani na nyekundu zote ni oksijeni, kimo tofauti. Kijani ni wimbi la nanomita 557.7, atomi iliyosisimuliwa hukaa chini ya sekunde moja kabla ya kutoa mwanga. Nyekundu ni 630.0, na atomi husubiri karibu sekunde 110. Chini ya kilomita 200 hewa ni nzito kiasi kwamba atomi inagongwa na kunyang'anywa nishati kabla ya kufika zamu yake, kwa hiyo nyekundu huonekana juu tu.

Sasa jiometri. Mwanga ulioko kilomita 110 juu hukatwa na mviringo wa dunia ukiwa umbali wa karibu kilomita 1,200. Ulioko kilomita 250 juu huonekana hadi karibu 1,800. Aliye mbali na pete anakiona kichwa tu, miguu imezama chini ya upeo wa macho. Watu wa Mexico na Florida waliona nyekundu kwa sababu hiyo, pamoja na kwamba dhoruba kubwa huleta elektroni nyingi za nishati ndogo zinazoishia juu.

Tarehe 10 Mei 2024, kipimo cha uga wote kilipita nanotesla 70 na Bz ilishuka hadi karibu −50. Mitapiko kadhaa kutoka kundi moja la madoa ya jua, AR 3664, ilifuatana na mingine ikawahi iliyotangulia, ikabanana, na uga ukikandamizwa huongezeka nguvu. Ilikuwa dhoruba ya kwanza ya daraja la G5, la juu kabisa, tangu Oktoba 2003.

Nanga_Ughaibuni

Swali langu la siku nyingi: kwa nini mtapiko ukitoka jua tunaambiwa utafika lini, lakini hatuambiwi Bz yake itakuwaje?

Dira_ya_Kusi

Kwa sababu hadi ufike L1 hakuna kifaa cha kuipima njiani kwa uhakika. Kamera zinaona wingu la plasma. Uga wa sumaku haupigwi picha.

Ukishafika, usome kwa sehemu. Kwanza unakuja mshtuko: kasi, msongamano na uga vinaruka pamoja kwenye grafu kwa dakika moja. Nyuma yake kuna upepo uliosukumwa na kubanwa, Bz inarukaruka juu na chini, wakati mwingine kwa ukali sana. Halafu, saa kadhaa baadaye, grafu inatulia ghafla: uga mkubwa, laini, halijoto ya protoni imeshuka. Hapo umeingia kwenye wingu la sumaku lenyewe, ambalo ni kamba nene iliyosokotwa. Kwa sababu imesokotwa, Bz huzunguka taratibu ukiipita. Kuna zinazoanza kusini na kumalizia kaskazini. Hizo huwasha aurora mapema. Kuna zinazoanza kaskazini, na watu husema "imeshindikana" wakalala, kumbe nusu ya pili ndiyo ya kusini na inakuja baada ya saa nane au kumi. Na kuna iliyolala upande ambao kusini haifiki kabisa. Mlipuko mkubwa, kelele nyingi, anga jeusi.

Upepo wa tundu la korona ni kinyume. Hauna −20. Una Bz inayopanda na kushuka kati ya +5 na −5 kwa siku mbili tatu, kasi 600 hadi 700, na kila inaposhuka inaongeza kidogo mkiani. Kwa mkazi wa Kiruna hizo ndizo siku za uhakika, na hurudi baada ya siku 27 kwa sababu tundu linazungushwa na jua likaja tena kutuelekea.

FundiMawimbi

Makosa ninayoyaona kila mara kwenye kusoma data, niyaweke hapa.

Mfumo wa mihimili. Bz ya GSE na Bz ya GSM si kitu kimoja. GSE hufuata bapa la mzunguko wa dunia kulizunguka jua; GSM imezungushwa ili ifuate mwinamo wa sumaku ya dunia, na hiyo ndiyo inayohusu aurora. Ukichukua faili la GSE ukadhani ni GSM, unaweza kukosea hata alama ya chanya na hasi, hasa By ikiwa kubwa. Kwa njia hiyohiyo tunaelewa kwa nini Machi na Septemba zina dhoruba nyingi: mwinamo wa miezi hiyo huigeuza By ya kawaida ya upepo kuwa Bz ya kusini kwa sehemu. Russell na McPherron walilieleza hilo mwaka 1973.

Pengo la data. Thamani kama −9999 au −999.9 maana yake ni "hakuna kipimo". Usipoziondoa kwanza, wastani wako wa saa utakuwa dhoruba isiyopata kutokea.

Na setilaiti haiko kwenye mstari wa jua na dunia kamili. Inazunguka L1 kwa upana wa maelfu mengi ya kilomita. Kipande kidogo cha uga kinaweza kupita pale na kutukosa huku.

Mizani_77

Nimalizie By, kwani uzi una jina lake. By hugeuza aurora ya kaskazini na ya kusini zisifanane. Zamani ilifundishwa kwamba ni kama taswira ya kioo. By ikiwa chanya, mfyatuko wa kaskazini husogea kuelekea jioni na wa kusini kuelekea alfajiri, na tofauti yao inaweza kupita saa moja ya kisumaku, yaani digrii 15 za kuizunguka ncha. By hasi hupindua. Nikolai Østgaard na wenzake wa Bergen walilionyesha kwa kulinganisha picha za setilaiti mbili, moja ikitazama kila ncha kwa wakati mmoja.

Longyearbyen, Svalbard, digrii 78, ndipo unapoweza kuiona By kwa macho. Katikati ya Desemba huko ni giza mchana kutwa, na karibu saa 4 asubuhi kwa saa za Norway mji unapita chini ya lile pengo la mchana. Aurora yake ni nyekundu zaidi, maana elektroni za pale hazijaongezewa nguvu mkiani. Bz ikiwa kusini, tepe fupi huchomoza na kusogea kuelekea ncha, moja baada ya nyingine kila dakika chache. By chanya huzivuta magharibi, By hasi mashariki.

Na Bz ya kaskazini isidharauliwe. Ikidumu saa kadhaa, pete husinyaa na wakati mwingine utepe mmoja huvuka kofia ya ncha kutoka usiku hadi mchana. Setilaiti ya Dynamics Explorer 1 ilipoupiga picha kutoka juu, Louis Frank na wenzake wakauita theta, kwa sababu pete na mstari katikati ni ile herufi ya Kigiriki.

Mpima_Ramani

Wakuu, mimi niko Dodoma, natumia GNSS ya RTK (vipimo vya setilaiti kama GPS, vinavyosahihishwa papo hapo na kituo cha msingi) kwenye upimaji viwanja. Aurora siioni, ila hizi siku za dhoruba mashine inakataa kutulia. Ni Bz hiyohiyo?

FundiMawimbi

Ni hiyohiyo. Bz ikigeuka kusini ghafla, uga wa umeme unaozaliwa kwenye ncha hupenya hadi ikweta ndani ya dakika, kabla ngao ya ndani haijajipanga kuuzuia. Upande wa mchana na jioni unainua ionosfea (tabaka la juu la hewa lenye elektroni huru) ya ikweta, na elektroni humwagika pande mbili, karibu digrii 15 kaskazini na kusini mwa ikweta ya sumaku. Ikweta hiyo inapita Ethiopia, kwa hiyo Tanzania inaangukia kwenye mkanda wa kusini. Mawimbi ya setilaiti yanacheleweshwa kupita kiasi na kwa kutofautiana, na kituo chako cha msingi na kifaa cha mkononi havioni anga moja tena.

Siku Bz iko chini ya −10: fupisha umbali wa kituo cha msingi uwe chini ya kilomita 5, tumia masafa mawili au zaidi, pima nukta muhimu asubuhi na uepuke saa 1 hadi 5 usiku, kisha rudia nukta mbili za udhibiti kesho yake kabla ya kuwasilisha kazi. Namba ya dhoruba kwa latitudo zetu ni Dst badala ya Kp, inayotokana na vituo vinne vilivyo mbali na aurora: Hermanus huko Afrika Kusini, Kakioka Japani, Honolulu na San Juan. Ikishuka chini ya −100, ahirisha.